Maisha ya Bwana Jon Postel, Mwandishi wa Kanuni za Barua Pepe

Katika kurasa za gazeti hili wenzangu wamekwisha andika maisha ya majemadari, wafalme na washairi. Mimi leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye hakushika upanga wala hakukalia kiti cha enzi. Kazi yake ilikuwa kuandika kanuni na kutunza daftari. Jina lake ni Bwana Jon Postel, mtu wa Marekani, aliyefariki mwaka 1998. Kwa watu wa kompyuta yeye ni mashuhuri dunia nzima, lakini sisi wengine twatumia matunda yake kila siku bila kumjua. Mimi mwenyewe sikupata kulisikia jina lake mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipofanya kosa pale Msimbazi, kosa lililokaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia.

Mjomba wangu ni fundi wa kompyuta. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu katika jumba moja la Mtaa wa Msimbazi, na ukichungulia dirishani waona mabasi ya mwendokasi yakienda Gerezani, wachukuzi wakisukuma mikokoteni, na siku za mpira bendera nyekundu tele, maana makao ya Klabu ya Simba hayako mbali. (Mimi ni mtu wa Jangwani, lakini hayo si ya leo.) Katika chumba hicho Mjomba hutunza seva ya barua pepe kwa ajili ya wafanyabiashara kadhaa wa Kariakoo. Kwa wasiojua, seva ni kompyuta isiyolala. Kazi yake ni kama ya posta: hupokea barua, huzipanga katika masanduku ya wenyewe, na huzipeleka zile zinazokwenda mbali.

Seva hiyo ilikuwa ya zamani. Ilitumia mfumo uitwao CentOS 7, ambao uliacha kupata marekebisho tarehe 30 Juni, 2024. Kompyuta isiyopata marekebisho ni kama nyumba ambayo fundi wa makufuli amekwisha hama mji. Basi Mjomba akanunua mashine mpya, akaweka mfumo mpya, akanipa mimi kazi ya kuhamisha programu mbili. Ya kwanza ni Postfix, ambayo hupokea na kupeleka barua. Ya pili ni Dovecot, ambayo humfungulia mwenye sanduku asome barua zake. Tulikuwa tukitoka Postfix toleo la 2.10 kwenda toleo la 3.10, na Dovecot kutoka 2.2 kwenda 2.4.

Nilianza Jumamosi usiku, maduka yamekwisha fungwa. Nikachukua maagizo ya zamani, yale yanayoieleza programu namna ya kufanya kazi, nikayanakili yote katika mashine mpya. Dovecot ilikataa kabisa kuamka. Toleo la 2.4 lataka mstari wa kwanza kabisa wa maagizo useme yameandikwa kwa namna ya toleo gani, na maagizo yetu hayakuwa na mstari huo. Tena maneno mengi yalikuwa yamebadilishwa. Ilinichukua mpaka alfajiri kuyaandika upya. Lakini Postfix iliamka mara moja. Ilitoa onyo tu katika kumbukumbu zake kwamba inafuata desturi za zamani kwa kunionea huruma, mpaka hapo nitakapotamka kwamba niko tayari kwa desturi mpya. Nikaipenda sana. Nikaona kwamba hii ndiyo programu yenye adabu, nikaenda kulala.

Jumatano mfanyabiashara mmoja alipanda ngazi akiwa amekasirika. Ana ghala Vingunguti, na kila jioni karani wa ghala humtumia kwa barua pepe orodha ya mzigo ulioingia na uliotoka. Kwa siku tatu hakupata hata barua moja. Alikuwa amekwisha uza marobota ya vitenge ambayo hayakuwako tena. Karani aliapa kwamba alituma, na kweli programu yake ya ghala ilimwandikia kwamba imetuma. Lakini tajiri hakumsadiki, akadhani mzee yule anaficha hesabu ili mzigo upitie mlango wa nyuma. Alikuja kumwuliza Mjomba kama barua zinaweza kupotea. Kabla Mjomba hajajibu mimi nilitazama sakafu, kwa kuwa nilijua ni nani aliyeigusa seva Jumamosi.

Tulifungua kumbukumbu za seva. Pale palikuwa na mashine ya ghala, jioni zote tatu: imebisha hodi, imeingia, imetaja jina la mwenye barua na la anayeandikiwa, imeanza kuisoma barua, kisha laini imekatika. Hapakuwa na kosa lingine lolote. Mjomba akacheka kidogo, akaniambia nikasome hati moja ya mwaka 1982, na nikiisha kuisoma nimtafute aliyeiandika. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Bwana Postel.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1943, huko Altadena katika jimbo la California. Alisoma katika shule ya sekondari ya umma iitwayo Van Nuys, karibu na Los Angeles, na hapa nataka wanafunzi wenzangu watege sikio. Katika miaka ile ile shule hiyo ilikuwa na vijana wengine wawili, Vint Cerf na Steve Crocker. Hawakuwa kidato kimoja wote, lakini baadaye walikutana Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, na watatu hawa ni miongoni mwa wale walioujenga mtandao wa kompyuta tunaouita leo intaneti. Ilikuwa shule ya serikali kama hii yetu.

Pale chuoni Postel alipata shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili mwaka 1968, na udaktari mwaka 1974. Tarehe 29 Oktoba, 1969, chuo chao kilituma ujumbe wa kwanza katika mtandao mpya wa ARPANET, kwenda kwa kompyuta ya taasisi moja ya utafiti kaskazini ya jimbo hilo. Mashine ya upande wa pili ilianguka baada ya herufi mbili tu! Lakini njia ilikuwa imefunguka, na wanafunzi wale wakabaki na swali gumu kuliko la waya: kompyuta za watengenezaji mbalimbali, kila moja na tabia yake, zizungumze kwa lugha gani?

Crocker ndiye aliyeanza kuandika majibu katika hati fupi fupi, ya kwanza ikiwa ya tarehe 7 Aprili, 1969. Naye kwa unyenyekevu hakuziita sheria. Aliziita maombi ya maoni, maana walikuwa wanafunzi tu na walihofu kuonekana wanaamuru wakubwa. Punde kazi ya kuzipokea hati hizo, kuzisahihisha, kuzipa namba na kuzihifadhi ikamwangukia Postel, na hakuiacha mpaka kufa. Zilikuwa zimepita 2,400, na zaidi ya 200 aliandika yeye mwenyewe au kwa kushirikiana na wenzake.

Kazi yake nyingine ilikuwa daftari. Kompyuta inayotaka huduma kwa mwenzake hubisha kwenye mlango wenye namba, na watu wawili wakitumia namba moja kwa kazi mbili ni fujo. Mwaka 1972 Postel alipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba hizo, akajitaja mwenyewe kwa namna ya kuuliza. Hakuna aliyepinga. Mlango wa barua pepe ni wa namba 25, na mpaka leo seva iwe ya Msimbazi, ya Muscat au ya Chicago, ikitaka kumpa mwenzake barua hubisha hapo hapo.

Sasa nije kwenye barua zenyewe. Mtu wa kwanza kutuma barua kati ya kompyuta mbili za mtandao alikuwa Bwana Ray Tomlinson, mwaka 1971. Lakini kwa miaka kumi hivi barua hazikuwa na njia yao wenyewe. Zilipanda juu ya kanuni za kuhamisha mafaili, kama abiria apandaye lori la mchanga. Ukiandika barua moja kwa watu watano walioko mji mmoja, ilibidi ipelekwe mara tano. Postel na Bibi Suzanne Sluizer walitoa kanuni maalumu za barua mwaka 1980, naye akazinyosha zaidi mpaka ikatoka ile hati ya Agosti, 1982, inayoitwa SMTP, ambayo ndiyo Mjomba alinipa nisome.

Niliogopa kuwa itakuwa ngumu. Nikakuta ni kama adabu za kwetu za kubisha hodi. Anayeleta barua hufika mlangoni, husalimu na kujitaja jina. Mwenyeji huitikia. Mgeni hutaja barua imetoka kwa nani, mwenyeji huitikia; hutaja yaenda kwa nani, akataja hata watu watano, mwenyeji huitikia kwa kila mmoja kama yupo au hayupo. Kisha mgeni husoma barua yote, mstari kwa mstari, na akimaliza huaga. Kila kiitikio cha mwenyeji huanza kwa namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 2, mambo ni mema. Ikianza na 4, njoo baadaye. Ikianza na 5, usirudi tena na ombi hilo. Namba ni kwa ajili ya mashine, na maneno yanayofuata ni kwa ajili ya binadamu, hata fundi aweza kuketi na kuyasoma mazungumzo yote kama anayesikiliza watu barazani.

Lakini mwenyeji atajuaje kuwa barua imekwisha? Hapo ndipo lilipokuwa shauri langu. Kanuni inasema barua imekwisha pale inapokuja nukta peke yake juu ya mstari wake, si zaidi. Na mstari lazima uishe kwa alama mbili zilizorithiwa kutoka mashine za kupiga chapa za zamani: moja ya kurudi mwanzo wa mstari, na moja ya kusogeza karatasi. Mtu aliyepata kutumia taipureta anajua kwamba hayo ni mambo mawili. Programu ya ghala la Vingunguti iliandikwa miaka mingi iliyopita na kijana ambaye sasa hayupo nchini, naye alitumia alama moja tu, ile ya kusogeza karatasi. Postfix ya zamani ilikuwa ikiona nukta ile katikati ya alama moja moja, ikaelewa nia, ikapokea. Postfix mpya iliona nukta, ikasema moyoni kwamba huu si mwisho uliokubaliwa, ikaendelea kungoja. Programu ya ghala nayo ikangoja kiitikio. Wote wawili wakangojana kimya, mpaka ya ghala ikachoka na kukata laini, wala isimwambie mzee neno lolote.

Nilijiuliza kwa nini ile ya zamani ilikuwa inavumilia, na jibu lake ni Postel tena. Mwaka 1980, alipokuwa akiandika kanuni za msingi za intaneti, aliweka humo agizo moja ambalo limekuwa mashuhuri kuliko maandishi yake yote: kwamba programu iwe makini sana katika inachotuma, lakini iwe na moyo mpana katika inachopokea. Mwenzako akikosea kidogo na wewe umemwelewa, usimfungie mlango. Kwa agizo hili kompyuta mbovu mbovu za kila aina ziliweza kuungana, na mtandao ukakua upesi.

Tena moyo wake huo hakuuweka katika maneno tu. Lile jambo ambalo mimi nililifanya Jumamosi moja katika chumba kimoja, yeye na wenzake walilifanya kwa mtandao mzima. ARPANET ilikuwa ikitumia kanuni za zamani ziitwazo NCP, na ilibidi zote zihamie kanuni mpya za TCP/IP. Mwaka 1980 Postel na Cerf waliandika mpango wa kuhamisha barua peke yake, maana barua ndiyo kitu ambacho watu wasingekubali kukikosa hata siku moja. Novemba 1981 Postel akatoa mpango wa kuhamisha kila kitu. Mwaka wote wa 1982 zingekuwako mashine za kati zinazojua lugha zote mbili: mashine ya zamani ingempa barua huyo wa kati, naye angeipokeza kwa mashine mpya. Na siku ya mwisho ilitajwa mapema bila kificho: tarehe 1 Januari, 1983.

Bila shaka mnajua watu walivyo. Wengi walikaa wakisema bado mapema. Basi mnamo mwaka huo wa 1982 wakubwa wa mtandao walizizima kanuni za zamani kwa siku moja, ili waliochelewa waone wenyewe itakavyokuwa. Na baadaye wakazizima tena kwa siku mbili. Makelele yalikuwa mengi. Siku yenyewe ilipofika baadhi ya mashine ziliachwa nje, mafundi wakahangaika kwa wiki nyingi, na waliovuka walijitengenezea beji za kujisifu kuwa wamenusurika. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo, ingawa nilitambua pia kwamba wao walitoa ilani ya mwaka mzima, na mimi sikumpa karani wa Vingunguti hata ilani ya saa moja.

Tangu mwaka 1977 Postel alifanya kazi katika taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, huko Marina del Rey, kando ya bahari. Alikuwa mtu wa ndevu ndefu nyeupe na viatu vya makubazi, mpole wa maneno, mpenda kutembea kwa miguu milimani. Hakutajirika kwa kazi hizi. Jina la barua pepe likageuka kuwa mali, watu wakapata mamilioni, na yeye akabaki na daftari lake.

Daftari hilo likamletea mzigo mwingine, nao unatugusa sisi. Ilipoamuliwa kila nchi ipewe mwisho wa anwani wake, ni nani angesema ipi ni nchi na ipi si nchi? Postel hakutaka kabisa kuwa hakimu wa mambo hayo. Alichukua orodha ya kimataifa ya herufi mbili mbili za nchi iliyokuwa imekwisha tungwa na wengine, akasema ataifuata hiyo. Kenya ikaandikishwa kwa .ke mwaka 1993, na Tanzania kwa .tz mwaka 1995. Kwa hiyo wazazi wanaopata barua kutoka ofisi ya serikali yenye anwani inayoishia go.tz wajue kwamba herufi mbili za mwisho zilipita katika daftari la mzee huyu wa makubazi.

Si kwamba hakupata kukosea, au angalau kulaumiwa. Tarehe 28 Januari, 1998, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikibishana nani atawale majina ya intaneti, Postel aliwaandikia watunzaji wa seva kuu za majina, akawaomba wachukue orodha kutoka kwake badala ya kwa kampuni iliyopewa kazi hiyo na serikali. Wanane kati yao walitii mara moja, kwa kuwa aliyeomba ni yeye. Serikali ilishtuka, akapigiwa simu, naye akarudisha mambo yalivyokuwa katika siku chache. Yeye alisema lilikuwa jaribio tu la kuona kama mabadiliko ya namna hiyo yawezekana bila kuvunja kitu. Wengine hawakusadiki. Mimi naona yote mawili yaweza kuwa kweli. Lakini lililonishangaza ni kwamba hakuna mtu wa kawaida duniani aliyegundua siku hizo kwamba kitu kimebadilika. Barua zilikwenda.

Moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Alipasuliwa mwaka 1991, akapona. Akapasuliwa tena mwaka 1998, na safari hii hakupona. Alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba, 1998, akiwa na miaka 55. Rafiki yake wa shule ile moja, Vint Cerf, alimwandikia tanzia, na tanzia hiyo ikapewa namba na kuwekwa katika mfululizo wa hati zile zile alizozitunza marehemu. Jumuiya ya Intaneti ilianzisha tuzo kwa jina lake, na mwaka 2007 ikampa Profesa Nii Quaynor wa Ghana, kwa kazi yake ya kuueneza mtandao katika Afrika. Programu ya Postfix yenyewe, iliyotungwa na Bwana Wietse Venema, ilitolewa kwa watu Desemba, 1998, miezi miwili baada ya maziko.

Je, agizo la moyo mpana lilikuwa jema? Swali hili tulibishana sana, mimi na Mjomba, kwa kikombe cha kahawa. Postel mwenyewe aliuona upande wa pili mapema, maana mwaka 1975 aliandika hati fupi juu ya barua za takataka, akionya kuwa mashine haina namna ya kumkataa mwenzake anayeijaza barua isizozitaka. Na mwisho wa mwaka 2023 wachunguzi wa kampuni ya SEC Consult ya Ulaya walionyesha hila mbaya. Mwovu huandika barua yenye mwisho wa uongo katikati, ule wa alama pungufu. Seva ya kwanza huona ni maneno tu ya barua, huyapitisha. Seva ya pili, yenye moyo mpana, huona kuwa barua imekwisha, na yanayofuata huyachukua kama barua mpya kabisa, nayo yaweza kubeba jina la mtu mwingine, hata la meneja wa benki. Ndiyo sababu Postfix, kuanzia toleo la 3.9 la mwaka 2024, haikubali tena mwisho wa barua usio kamili. Badiliko hili halikungoja ruhusa yangu kama yale mengine. Hatari yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka huo wa 2023 wataalamu wa intaneti walitoa hati nyingine wakisema kwamba kosa likivumiliwa muda mrefu hugeuka kuwa desturi, na mwisho hakuna awezaye kulisahihisha. Mjomba alikubaliana nao. Mimi nilisema bila uvumilivu ule wa kwanza kusingekuwa na mtandao wa kusahihisha. Kahawa ikaisha, hatukupatana.

Tulikubaliana juu ya la kufanya. Postfix huruhusu kutaja mashine ambayo itasamehewa sharti hilo, na ghala lile lina laini yenye anwani isiyobadilika. Jioni ile ile ya Jumatano niliandika mstari mmoja wa kuisamehe mashine ya Vingunguti peke yake, na pembeni nikaandika sababu, tarehe, na siku ambayo msamaha utakwisha. Barua ya jioni ikaingia. Kisha nikamweleza tajiri, mbele ya Mjomba, kwamba karani alituma kila siku na aliyezizuia barua ni mimi. Alinitazama muda mrefu. Hakunitukana, ambalo lingekuwa afadhali.

Asubuhi yake nilipanda daladala mpaka Vingunguti. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Akaniuliza jambo moja tu, kama barua za siku zile tatu zaweza kupatikana. Nikamwambia haziwezi, maana programu yake haihifadhi nakala. Basi akaingia ndani, akatoa daftari la karatasi lenye jalada gumu, ambamo kwa miaka yote alikuwa akiandika kila robota kwa kalamu kabla ya kuligusa kompyuta, akaniamuru nikae nimsomee huku yeye akipiga chapa. Ilituchukua mpaka adhuhuri. Hesabu ilitimia, isipokuwa robota moja lililokuwa limeandikwa mara mbili, na hilo alilifuta kwa rula.

Programu yake nilimtengenezea wiki iliyofuata. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ya kuaibisha: kuongeza ile alama ya kurudi mwanzo wa mstari mahali panne. Tarehe 3 Januari nikaufuta mstari wa msamaha katika seva, nikampigia mzee simu kumwarifu kabla sijaugusa, nikakaa nikingoja. Dirishani mikokoteni ilikuwa ikirudi, na mwendokasi limejaa hadi mlangoni. Barua ya Vingunguti ilifika saa kumi na mbili na dakika nne.